Miezi mitano, kovu moja, na swali la utajifungulia wapi

Mimba ikishafika miezi mitano watu huacha kukuuliza unajisikiaje, wanaanza kukuuliza utajifungulia wapi. Wala hawaulizi ili wajibiwe. Kila mmoja anakuja na jibu lake. Mama yangu, aliye Muheza, ameshapaka chokaa chumba cha uani. Baba watoto anataka turudi palepale tulipompatia binti yetu, kwa kuwa bima inapokelewa na njia anaijua hata usiku. Wifi yangu, ambaye wanawe wote watatu wamezaliwa kwa oparesheni, anasema nichague tarehe, nisuke nywele, niingie nimetulia kama mtu anayekwenda benki.

Swali langu mimi hakuna aliyelileta. Binti yetu alizaliwa kwa kisu, miaka minne iliyopita. Nilitaka kujua kama huyu wa sasa anaweza kupita njia ya kawaida.

Nilipolisema hilo, wifi alicheka. Baba watoto hakucheka.

Niseme mapema kwamba sitafuti sifa. Hapa Dar bado wapo wanaomwambia mwanamke aliyepasuliwa "hukuzaa wewe, ulitolewa", na wasemaji ni wanawake wenzetu, tena kwenye arobaini, huku wamempakata mtoto wa huyo wanayemsema. Upuuzi. Mtu aliyekatwa tumbo tabaka kwa tabaka, kesho yake akaenda chooni kwa kushikilia ukuta, na usiku akanyonyesha, hadaiwi na mtu. Sababu zangu ni nyingine. Tunataka watoto watatu, pengine wanne, na kila kisu kinaifanya mimba inayofuata kuwa na hatari zaidi, nitalifikia hilo. Halafu kuna namna uamuzi wa mara ile ulivyofikiwa.

Niliingia leba usiku, njia ikiwa imefunguka sentimita tatu. Alfajiri, nne. Wakanitundikia dripu ya uchungu. Adhuhuri nikaambiwa bado ni nne na kitu, "njia imegoma", na kabla ya alasiri nilikuwa nimeshikishwa kalamu, nasaini fomu nisiyoisoma maana uchungu ulikuwa unakuja mmoja juu ya mwingine. Mtoto alitoka mzima, akilia kwa nguvu. Nilishukuru, na bado nashukuru. Lakini hakuna aliyekaa nami baadaye akanieleza nini kilitokea. Niliruhusiwa na karatasi yenye orodha ya dawa na tarehe ya kutoa nyuzi, basi.

Nilianza kusoma baadaye, binti akiwa ameshaota meno. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kumhudumia mama aliye katika uchungu. Unasema uchungu ule wa kasi uhesabiwe kuanzia sentimita tano, si nne kama ilivyozoeleka, na kwamba kanuni ya sentimita moja kila saa ni ya haraka mno kwa baadhi ya wanawake. Isitumike peke yake kumharakisha mama wala kumpasua, mradi yeye na mtoto wako salama. Kuna chati ambayo wakunga huijaza kufuatilia maendeleo hayo, na historia yake inanigusa. Ilitengenezwa na madaktari wawili, Philpott na Castle, huko Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ikachapishwa mwaka 1972. Waliitaka imsaidie mkunga wa kituo cha mbali kumtambua mapema mama anayehitaji kupelekwa hospitali kubwa. Mstari wa tahadhari uliomo ndani yake ulikuwa wa kuitisha gari. Kwenye wodi iliyojaa, yenye thieta mlango wa pili, mstari huohuo huishia kuwa amri.

Je, oparesheni yangu haikuwa ya lazima? Hilo linategemea mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwaje saa ile, na mapigo yameandikwa kwenye faili. Nitafika kwenye faili.

Mwezi wa tano ni mwezi mzuri wa kuuliza maswali. Kichefuchefu kimekwisha, tumbo bado linakuruhusu kupanda daladala na kuzunguka hospitali, na ndio wakati wa ile utrasaundi ya kukagua viungo vya mtoto, kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kwa mwenye kovu picha hiyo ina kazi ya ziada: kuangalia kondo la nyuma limejishika wapi.

Hapa wengi hutishwa bure. Ukiambiwa katika wiki ya 20 kwamba kondo liko chini, mara nyingi kizazi kikikua nalo hupanda, na ukipimwa tena wiki ya 32 au ya 36 unakuta limeondoka mlangoni. Vivyo hivyo kuambiwa mtoto ametanguliza makalio: katika umri huu anageuka apendavyo, wala usilipe uzito. Ila kwa aliyewahi kupasuliwa, kondo linalokaa chini upande wa mbele, juu ya kovu, linaweza kuzama ndani ya nyama ya kizazi. Siku ya kujifungua haliachii, na damu inayotoka ni ya kuondoka na kizazi chote, au na mama mwenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake wanaopasuliwa. Miongoni mwa wale ambao kondo limeziba njia, waliokutwa limezama walikuwa asilimia 3 kwenye oparesheni ya kwanza, 11 kwenye ya pili, na 40 kwenye ya tatu. Mwenye mpango wa watoto wawili anaweza kuzisoma namba hizo akapita. Mimi ninayetaka wanne ilibidi nisimame hapo.

Langu liko juu, upande wa mgongo. Aliyenipima alilitaja kwa haraka akielekea kuhesabu vidole vya mtoto. Nilimwomba alirudie.

Kliniki, baada ya kupimwa presha, mkojo na wingi wa damu, na kukabidhiwa vidonge vyangu vya madini ya chuma, nilimwambia daktari nia yangu. Hakushtuka. Aliuliza, "Mama, mara ile ulikatwaje?" Nikamwonyesha mshono, ule wa chini, wa bikini. Akatabasamu. Mshono wa ngozi haumwambii kitu; yeye anataka kujua kizazi chenyewe kilikatwa wapi. Yawezekana ngozi ikakatwa kwa kulala na kizazi kikakatwa kwa kusimama, na tofauti ya hizo mbili ndiyo inayoamua kama mazungumzo yetu yanaendelea.

Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York aliandika kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima. Wakati wake kizazi kilikatwa kwa kusimama, sehemu ya juu yenye misuli mizito, ile inayobana kwa nguvu wakati wa uchungu, na kovu la hapo huweza kuachia. Kuanzia miaka ya 1920 Munro Kerr wa Glasgow aliupigania mkato wa kulala, sehemu ya chini iliyo nyembamba na isiyobana sana. Huo ndio unaotumika leo karibu kila mahali. Mkato umebadilika lakini usemi wa Cragin ungali hai, na kwenye benchi la kliniki utausikia kutoka kwa watu wasiojua hata kama aliwahi kuishi.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana hili nalipenda. Mwaka 1879 msafiri kutoka Uingereza aliyesomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia oparesheni ya uzazi mahali panapoitwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikatumika kuoshea mikono ya mpasuaji na tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa vijiti vya chuma na nyuzi za magome ya mti, kisha likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Felkin alipoondoka siku ya kumi na moja, mama na mtoto walikuwa hai, na hiyo ni enzi ambayo huko Ulaya wengi waliopasuliwa walikufa. Kwa hiyo anayeniambia kisu ni mambo ya kizungu, namwelekeza Bunyoro.

Turudi kwenye faili. Hospitali niliyojifungulia mara ya kwanza sitaitaja. Nilikwenda masjala na kadi yangu ya zamani ya kliniki, nikaambiwa mafaili ya mwaka ule yalihamishwa walipoingia kwenye kompyuta, nije Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa aliyehamisha yuko likizo. Mtu anaweza kuchukia, nami nilichukia, lakini yule kijana wa masjala hakuwa mkorofi. Alikuwa na chumba cha maboksi na mwanga wa taa moja. Aliyeniokoa ni sista wa thieta aliyekuwa akipita, akasikia, akasema, "Faili linaweza kupotea, rejista ya thieta haipotei." Akaniingiza ofisini, tukafungua daftari kubwa la jalada gumu, tukaufuata mwezi kwa kidole mpaka tukakuta jina langu. Mstari mmoja, kwa vifupisho: mkato wa chini, wa kulala; sababu: uchungu kutoendelea; mapigo ya mtoto: mazuri; damu iliyopotea: ya kawaida. Aliniandikia maelezo kwenye karatasi ya hospitali, akagonga muhuri. Hakuomba hata soda.

Nilisimama pale na neno "mazuri" kwa muda. Lina maana mbili kwangu. Kwamba pengine wangeweza kunisubiri. Na kwamba leo, kwa sababu hakukuwa na nyonga iliyobana wala mtoto aliyechoka, nafasi yangu ni nzuri.

Daktari alikubaliana na ile ya pili. Ile ya kwanza hakuitolea neno, na nilimwelewa. Akanipa hesabu. Kwa mwongozo unaotumika Uingereza, kati ya wanawake wanne wenye kovu moja la kulala wanaojaribu njia ya kawaida, karibu watatu hufanikiwa. Aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja hufanikiwa zaidi, ila mimi simo kwenye kundi hilo. Hatari yenyewe, yaani kovu kuachia na kizazi kupasuka wakati wa uchungu, humpata takriban mmoja kati ya 200. Dripu ya uchungu huiongeza mara mbili hadi tatu. Mimba mbili zilizobanana, pasipo mwaka na nusu katikati, huiongeza pia. Kwangu hilo halipo.

Usiku ule baba watoto alikaa na ile namba ya mmoja kati ya 200. Nikamwambia wengine 199 ni wengi. Akanijibu kwamba yeye mke hana 200, anaye mmoja. Sikuwa na jibu la papo kwa papo, na sijalipata hadi leo. Nililofanya ni kumwonyesha kwamba upande wa pili nao si sifuri: oparesheni ya pili ina damu yake, ina maambukizi yake, ina wiki za kutonyanyua ndoo wakati kuna mtoto wa miaka minne anayetaka kubebwa, na inaisukuma hatari mbele, kwa mimba ya tatu.

Tena hizo ni hesabu za Uingereza, na zikifika Dar zinakuta mazingira mengine. Mmoja kati ya 200 ni namba ya mahali ambapo kovu likianza kuachia mapigo ya mtoto yanaonekana kubadilika, mtu anapiga kelele, na thieta iko tayari ndani ya dakika chache. Ukibadilisha mahali, namba nayo inabadilika. Kwa hiyo lile swali lililoonekana la mwili, kama kovu langu litastahimili, lilianza kuwa swali la jengo: usiku wa manane, siku ya sikukuu, nani yuko zamu, na daktari wa usingizi analala wapi.

Hili la mahali lina sura mbili hapa kwetu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 81 kati ya 100 sasa wanazaliwa kwenye vituo vya afya, kutoka 63 katika utafiti wa 2015–16. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Oparesheni nchi nzima ni 11 kati ya 100, namba inayoonekana ya wastani, imekaa sawasawa na ile 10 hadi 15 ambayo Shirika la Afya Duniani liliitaja tangu 1985. Lakini wastani unaficha. Watafiti waliochambua uzazi wa Hospitali ya Taifa Muhimbili walikuta oparesheni zikipanda kutoka asilimia 19 mwaka 2000 hadi 49 mwaka 2011, na kupanda huko kuliwagusa hata wanawake wasio na hatari yoyote maalumu. Muhimbili hupokea wagonjwa wa rufaa, hilo lieleweke. Hata hivyo, kuna mwanamke wa kijijini anayepoteza mtoto kwa kukosa kisu, na kuna wa mjini anayepata kisu kwa kuwa kiko karibu. Wote wawili wamefichwa na ile 11.

Basi nikaanza kuzunguka. Mchana nikitoka kazini mapema, naingia hospitali moja, naomba kuonana na msimamizi wa leba, nauliza maswali yaleyale. Je, mnampokea mwenye kovu anayetaka kujaribu kawaida? Thieta inafanya kazi usiku, au daktari anapigiwa simu nyumbani? Damu ipo ndani au inafuatwa? Mkunga mmoja anaangalia kina mama wangapi? Mapigo ya mtoto yanasikilizwa kila baada ya muda gani?

Hospitali moja ya binafsi, yenye sakafu inayong'aa na maua mapokezi, walinijibu kabla sijamaliza: mwenye kovu kwao ni oparesheni wiki ya 38 au ya 39, na hapa kuna karatasi ya bei. Bei ya kisu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kawaida. Sisemi wanapasua kwa ajili ya pesa. Nasema tu kwamba karatasi ya bei waliitoa upesi kuliko maelezo. Nyingine walisema "tunajaribu, inshallah", na nilipouliza kuhusu thieta ya usiku wakatazamana. Ya tatu ni ya umma, imejaa, kelele tupu, na mkunga mkuu ni mama wa makamo aliyenijibu huku akisaini vitabu vitatu. "Wenye kovu moja tunao kila wiki. Thieta haifungwi. Dripu ya uchungu mwenye kovu simwekei bila daktari bingwa kusimama hapa. Lakini mama, usije ukaniambia unataka chumba cha peke yako, sina."

Nilimpenda hapohapo.

Wanaonijua walishangaa kwamba naelekea hospitali ya umma ilhali nina bima. Mimi nimekuja kuamini kwamba kwa mwenye kovu, mkunga aliyewaona wenzako mia ana thamani kuliko kiyoyozi. Kuna mfano kutoka Zanzibar unaonitia moyo. Hospitali ya Mnazi Mmoja, kuanzia 2015, wahudumu walishirikishwa kuandika kijitabu chao cha mfukoni cha kusimamia uchungu, kinachoendana na idadi halisi ya wakunga waliopo, kisha wakawa wanakutana kufundishana. Watoto waliozaliwa wafu wakashuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila 1,000. Mpango wenyewe haukuleta jengo wala mashine ya gharama. Wodi iliyojaa inaweza kusimamiwa vizuri, na wodi yenye maua mapokezi inaweza kusinzia.

Mama hakuridhika na lolote kati ya haya. Kwetu, mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake kujifungua, na mimi ile ya kwanza sikurudi kwa sababu ya kazi, kwa hiyo anaona kuna deni, sijui ni langu kwake au lake kwangu. Kwenye simu alisema, "Mwanangu, kuzaa ni siku moja. Arobaini ni arobaini. Nani atakukanda huko?" Na ana haki. Mara ya kwanza nilitoka hospitali nikakuta ndoo tupu na jirani mwenye huruma. Kule kuna uji wa asubuhi, kuna mtu wa kumchukua mtoto ili ulale, kuna shangazi wanaofika bila kuitwa. Wala Muheza si porini: Hospitali Teule ipo, na hospitali ya Bombo, mjini Tanga, haifiki hata saa nzima kwa gari.

Kuna kitu kingine kuhusu Muheza ambacho wengi wa huko hawakijui. Wilaya hiyo na jirani yake Korogwe ndizo zilizofanyiwa utafiti wa mradi wa Staha, uliochunguza namna wanawake wanavyotendewa leba. Walipoulizwa wakiwa wanatoka hospitali, karibu mmoja kati ya watano alisema alitukanwa, alipuuzwa au alivunjiwa heshima kwa namna nyingine. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo wakawa 28 kati ya 100. Mama aliposomewa alisema, "Sasa ulitaka waseme wakiwa bado getini?"

Kilichonikatia shauri kuhusu kwenda nyumbani ni kikombe. Kuna jirani yake, bibi mwenye heshima zake, anayechemshia wajawazito mizizi ya kuongeza uchungu. Wengine hunyweshwa wakiwa njiani kwenda hospitali, na hawasemi wakifika. Mizizi hiyo mingine inafanya kazi kwelikweli, na hapo ndipo penye tatizo. Dripu mkunga anaipunguza au anaifunga. Kikombe ukishameza umemeza, kizazi kinabana kitakavyo, na kovu halina pa kukimbilia. Nilimweleza mama polepole. Alinyamaza, akasema bibi hatapewa taarifa.

Kwa wanaosoma hapa na wako mbali na hospitali: namba ya 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, ni ya bure. Mfumo ulianzia Shinyanga na Sengerema, kuanzia 2022 ukasambazwa nchi nzima. Mjamzito akipata dharura na gari la wagonjwa haliko karibu, hutafutiwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa safari hiyo. Iandike kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani, siyo yako peke yako. Ukiwa unavuja damu hutakuwa wewe unayepiga.

Kuhusu wifi, nilimtendea isivyo haki mwanzoni mwa makala haya kwa kumtania. Oparesheni ya kupangwa si uvivu. Yeye wa kwanza alipasuliwa kwa dharura saa nane usiku, kifafa cha mimba, na hakumwona mtoto kwa siku mbili. Kwake tarehe inayojulikana, ganzi ya mgongo badala ya kaputi, na kumsikia mtoto akilia kwa masikio yake mwenyewe ndiko kuzaa kwa heshima. Ningekuwa na mkato wa kusimama, au makovu mawili, au kondo limekaa vibaya, ningefuata njia yake na kusuka nywele. Na bado naweza kuifuata: wiki ya 36 tutaangalia mtoto amekaaje na ana ukubwa gani, na kama uchungu haujaanza wenyewe kufikia wiki ya 41, daktari na mimi tumeshakubaliana kwamba sitaanzishiwa kwa vidonge. Tutapasua.

La msindikizaji lilichukua muda. Mara ya kwanza baba watoto alikaa kwenye benchi la nje mpaka suruali ikachakaa. Ule mwongozo wa 2018 wa Shirika la Afya Duniani unataka kila mama awe na mtu anayemtaka karibu yake, na mkoani Kigoma shirika la Thamini Uhai limeshafanya hivyo ndani ya vituo vya umma, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Tanzania haiwezekani. Ugumu ni mapazia. Wodi ambayo vitanda havina pazia haiwezi kumwingiza mwanaume bila kuwadhalilisha kina mama wengine. Mkunga mkuu alisema mwanamke mmoja ataruhusiwa, mradi akae upande wa kichwani na asimfundishe kazi. Mama akajitaja mwenyewe. Atakuja Dar mimba ikiingia mwezi wa tisa, na mashauri ya kukandwa tumbo tumeyaahirisha mpaka ijulikane nimejifunguaje.

Mengine ni madogo na nimeyaandika kwenye karatasi moja iliyobanwa ndani ya kadi ya kliniki, pamoja na ile yenye muhuri wa sista wa thieta. Nitembee nikiweza. Ninywe chai nikitaka. Nisiongezewe njia kwa kukatwa bila sababu na bila kuambiwa. Kitovu kisikatwe papo hapo, mtoto awekwe kifuani. Nikifikia kupasuliwa, nielezwe kwa nini, hata kwa sentensi moja, na sentensi hiyo iandikwe kwenye karatasi nitakayoondoka nayo. Mkunga aliisoma, akaweka alama ya vyema pembeni ya kila mstari, kwenye wa chai akacheka.

Chini akaongeza kwa mwandiko wake: watu wawili wa kuchangia damu, kabla ya wiki ya 36. Jumamosi hii baba watoto anakwenda kupimwa kundi lake. Anaogopa sindano kuliko mimi ninavyoogopa leba, kwa hiyo dada yake ameahidi kumsindikiza hadi mlangoni, na atachangia yeye kwanza.